Mmoja Bado Yumo Ndani

Haya hayakumpata rafiki wa jirani wa mtu fulani. Yalimpata mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja, na mimi nilikuwa nimekaa hatua kumi na mbili kutoka mlangoni. Kwa hiyo ukimsikia mtu anayasimulia kwingine huku akitia chumvi, mwambie aje kwangu. Mimi ndiye niliyebonyeza kile kitufe.

Ilikuwa Jumanne, na siku yenyewe haikuwa na lolote. Nilifika ghalani saa mbili kasoro, nikatundika mkoba, nikafuta vumbi mezani kwa kiganja kwa sababu watu wa mapokezi walikuwa wamechukua tena kitambaa changu, kisha nikawasha kompyuta. Mimi ni karani. Maboksi ya kuku yakiingia, naandika. Njegere zikitoka, naandika. Mbele ya meza yangu kuna kioo kikubwa, ng'ambo ya kioo kuna ukumbi wa kupakulia mizigo, na mwisho wa ukumbi kuna mlango wa chumba cha barafu. Ni mlango wa chuma, unene wake shubiri nzima. Ndani ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Wapakiaji husema ukitema mate humo yanafika chini yakiwa changarawe. Ni uongo, lakini si uongo mkubwa.

Mdogo wangu tunamwita Betri. Alipokuwa mtoto hakuna redio iliyopona nyumbani kwetu. Mama akitafuta tochi anakuta ganda tupu, na vya ndani vimepangwa uvunguni mwa kitanda kwa ukubwa. Alipokua akasomea kompyuta. Mama akasema heri, sasa ataharibu vya wenye pesa.

Lakini kabla sijafika kwa Betri lazima nimtaje Makoti, hata kama ulimi wangu hautaki.

Makoti alikuwa mpakiaji wetu. Alivaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na wenzake walimtania kwamba akifa tutamzika mara mbili. Miaka mitatu iliyopita, Jumamosi mchana, tulikuwa tunafunga. Kazi yangu ilikuwa kutia alama kwenye jina la kila anayetoka. Nilikuwa na haraka, nimeahidiwa nafasi saluni. Sauti moja huko nyuma ikasema, "Wote tumetoka, karani." Nikatia alama majina yote, na lake pia. Msimamizi akafunga. Makoti alikuwa akiishi peke yake, kwa hiyo Jumapili nzima hakuna aliyemuulizia.

Jumatatu tulimkuta kwenye kona ya kushoto, nyuma ya rafu ya mwisho, amechuchumaa, uso umeelekea mlangoni na macho wazi. Sikusimuliwa, nilimwona. Bosi alisema ni ajali. Wenzangu walisema ni ajali. Hakuna aliyenitaja hata siku moja, na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Afadhali wangenitukana.

Baada ya hapo bosi aliapa kwamba hakuna mtu atakayesahauliwa tena kwenye ghala lake. Mwaka huu ndipo alipoweka kitufe cha dharura ndani ya chumba cha barafu, na juu ya mlango, kwa ndani, akaweka kamera. Kwenye kompyuta yangu ikaja programu ya kutambua nyuso, ya kununua, na Betri akapewa kazi ya kuiunganisha na mlango. Alikaa kwenye kiti changu wiki mbili, akila biskuti zangu.

"Dada, hiki kipande cha programu hakimjui mtu," alinieleza. "Hakijui jina lako wala roho yako. Kinatafuta macho mawili, pua na mdomo. Kikiviona, kinachora kiboksi cha kijani na kuhesabu moja."

"Kwa hiyo mimi nitahesabiwa moja tu?"

"Wewe kwa pua hiyo, kitahesabu mbili."

Nilimrushia kalamu. Ikampata sikioni, na nikafurahi.

Programu ile ilijua kutafuta nyuso tu, haikujua habari za milango. Kwa hiyo Betri akaandika msimbo wake mwenyewe, yaani maagizo ya kompyuta, kwa lugha iitwayo Python, akauweka katikati. Programu ikishapata nyuso, inaukabidhi msimbo wa Betri orodha yake; msimbo unahesabu, unaniandikia namba kwenye skrini, kisha unaamua. Namba ikiwa si sifuri, mlango haufungiki hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu. Kile kitufe cha ndani kilileta usumbufu mara mbili, maboksi yaliegemea ukutani yakakibonyeza na mlango ukafunguka wenyewe, baridi ikamwagika ukumbini. Betri akaongeza sharti: kitufe kisikilizwe pale tu kamera inapoona uso.

"Maboksi hayana nyuso," alisema, kifua mbele. Hata mimi nilimwona mjanja.

Miezi miwili mambo yalikwenda kama maji. Kisha ikaja siku ambayo hatukuweza kufunga.

Kila siku saa sita na nusu mchana tunafunga mlango kwa saa mbili, ili baridi ipande tena baada ya pilikapilika za asubuhi. Siku hiyo watu wanane walikuwa wameingia, na wanane niliwaona kwa macho yangu wakinawa mikono kwenye bomba. Skrini ilisema: 1. Msimamizi aliingia na tochi, akazunguka rafu zote, akatoka anasonya. Hakukuwa na mtu. Nikafungua picha ya kamera. Kiboksi cha kijani kilikuwa kwenye ukuta mtupu, kona ya kushoto, nyuma ya rafu ya mwisho. Kilikuwa chini, kimo cha mtu aliyechuchumaa.

Mchana ule sikula. Nilimpigia Betri simu, nikaongea kwa kunong'ona kana kwamba mlango unasikia.

"Ni barafu, dada," alisema. "Imeganda na mabonde, vivuli vimekaa vibaya, programu imedhani ni uso. Hutokea. Hata soketi ya umeme huiona uso."

"Hapo ndipo alipokuwa."

"Najua."

"Betri..."

"Dada. Ni barafu."

Wakakwangua barafu, uso ukarudi. Wakapaka rangi nyeusi ukutani, uso ukarudi. Wakasogeza rafu, wakabadilisha taa, na kila mchana namba ilikuwa moja, na mlango ukakataa kufungika. Kuku wakaanza kulainika. Wiki ilipoisha bosi alishuka mwenyewe, akasimama mbele ya meza yangu na mikono kiunoni.

"Huo uso uondoke," alisema, "au muondoke nyinyi wawili."

Basi Jumatatu Betri akaja, akakaa kwenye kiti changu, akaandika mistari saba. Nilikuwa nyuma ya bega lake nimeshika chai yake. Alichukua vipimo vya ule uso, kutoka jicho hadi jicho, kutoka macho hadi mdomo, akauambia msimbo: kabla hujahesabu, pitia orodha, ukikuta uso wenye vipimo hivi, usiuhesabu. Mistari ile akaipa jina, puuza. Akanionyesha na njia ya kuizima: nikiweka alama ya reli, ile ya kwenye simu, mbele ya mstari unaoiita, kompyuta inauruka. Akabonyeza. Namba ikatoka moja ikawa sifuri. Mlango ukafungika, komeo likalia, na wapakiaji wakapiga makofi.

Nitasema ukweli. Nilipumua. Ilikuwa mara ya pili namwona Makoti anafutwa, na mara zote mbili nilifurahi kwamba sasa naweza kwenda zangu.

Sasa turudi Jumanne.

Saa sita na robo nilipanda juu kumpelekea bosi karatasi za kutia sahihi. Nikiwa huko, Betri alikuja. Alimwambia msimamizi, "Naingia dakika mbili, naangalia kamera." Msimamizi akaitikia sawa, kisha lori likapiga honi getini, akaenda kulipokea. Wapakiaji walikuwa wameshaenda kula. Niliposhuka, ukumbi ulikuwa mtupu na umefagiliwa. Nikatazama skrini. Sifuri. Sikufungua picha, kwa nini nifungue, wakati namba ipo? Nikabonyeza Funga. Komeo likaingia, mashine za baridi zikanguruma.

Nikafungua chombo changu cha chakula, nikala. Tena nilikula vizuri, kwa hamu. Nikamaliza, nikanawa, nikarudi, nikaanza kupiga muhuri hati za asubuhi.

Simu ya mama iliingia saa saba na dakika ishirini na tano.

"Mwambie mdogo wako apokee simu. Nimempigia mara tano."

"Hayupo hapa, mama."

"Ameniambia yuko kwako."

Niligeuza shingo. Kando ya mlango wa chumba cha barafu kuna benchi, na chini ya benchi ndipo watu huacha viatu wanapovaa buti za kuingilia ndani. Palikuwa na jozi moja ya raba za bluu. Zilikuwa raba za Betri. Nilikata simu ya mama bila kuaga.

Nikafungua picha.

Alikuwa chini kabisa ya kamera, uso juu, ananitazama. Mdomo unafunguka, unafumba. Kamera yetu haina sauti. Alikuwa amechana boksi na kujifunika mabegani. Kope zilikuwa nyeupe. Alinyoosha mkono, akapiga kitufe. Akapiga tena. Akapiga kwa ngumi.

Usoni kwake hapakuwa na kiboksi. Chini ya picha, namba ilikuwa sifuri.

Baadaye nilikuja kulielewa kosa lake, na ni kosa ambalo wewe na mimi tusingeweza kulifanya, maana linataka usomi. Alipaswa kuuambia msimbo umtoe mtu mmoja kwenye orodha. Yeye aliuambia: ukimkuta huyo, rudisha orodha tupu. Alipoujaribu Jumatatu chumba kilikuwa hakina mtu mwingine, kwa hiyo ulionekana sawa. Maana yake ni kwamba, Makoti akiwa kwenye kona yake, kila aliyemo humo si mtu. Kitufe hakimsikii, mlango haumsikii. Betri alikuwa amejifungia kwa mkono wake, kisha mimi nikapiga komeo kwa mkono wangu.

Wakati ule sikujua hayo yote. Nilibonyeza Fungua. Skrini ikaandika: Subiri. Mlango ule ukishagandamana kwa baridi, haufunguki kwa nje hadi nyaya za ukingoni zipate joto, na zinachukua dakika nne. Kitufe cha ndani ndicho kisichosubiri. Kile kinasukuma mlango kwa nguvu, barafu au si barafu. Lakini kitufe cha ndani kilikuwa kinamwona Betri kuwa boksi.

Nilipiga kelele. Mashine zilinguruma kunizidi. Hakuna aliyesikia.

Nikakumbuka alama ya reli. Kwa haraka niliandika mbili, nikafuta moja. Nikahifadhi. Namba ikabadilika.

2.

Kiboksi kimoja kilikuja usoni kwa Betri. Nikasema bonyeza, bonyeza sasa, mdogo wangu, kinakusikia. Hakubonyeza. Alikuwa ameshachoka. Mikono ilining'inia.

Kiboksi cha pili kilikuwa konani. Chini. Kama siku zote.

Kisha kikapanda.

Kilipanda polepole, kama uso wa mtu anayeinuka baada ya kuchuchumaa muda mrefu na magoti yanamuuma. Ndani yake mlikuwa hamna kitu. Ukuta tu, rafu tu, maboksi ya njegere. Kikasimama kimo cha mtu. Kikaanza kuja.

Betri alikuwa amekipa mgongo. Nililibandika paji langu kwenye skrini, nikanong'ona, "Geuka. Betri, geuka." Kikapita rafu ya tatu. Kikapita ya pili. Kikafika begani kwake.

Akageuka.

Sasa alikuwa ameipa kamera kisogo. Na kiboksi chake hakikuondoka. Kilibaki pale pale, juu ya nywele, juu ya kisogo, na programu ile haijawahi kuona uso kwenye kisogo cha mtu. Cha pili kikasogea. Vikawa kimoja juu ya kingine. Namba bado mbili.

Mkono wa Betri ukainuka. Haukupiga. Ulibonyeza kitufe kwa kidole kimoja, taratibu.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mvuke mweupe ulijaa ukumbini, nami nikakimbia ndani yake nikiwa nimenyoosha mikono kama kipofu. Nikamkuta anakuja kwa miguu yake. Nikamkumbatia. Nilitegemea kushika jiwe la barafu. Alikuwa na joto.

"Betri. Betri, nisamehe. Sikujua. Nisamehe."

Alikuwa anatazama juu ya bega langu, kwenye mlango mkubwa wa ukumbi, ambako jua la mchana lilikuwa limemwagika sakafuni. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kweupe," alisema.

Nilimvuta hadi kitini kwangu, nikamvisha sweta langu, nikampigia kelele msimamizi ambaye sasa alikuwa anarudi na karatasi za lori. Katika kuhangaika nikaigusa kompyuta, skrini ikawaka. Namba ilikuwa moja. Nikaangalia picha. Kiboksi hakikuwa konani. Kilikuwa chini kabisa ya kamera, kimeelekea juu, mahali aliposimama Betri.

Daktari alishangaa. Saa nzima kwenye baridi ile, shati jepesi na kipande cha boksi, na hakuna kidole kilichodhurika. Alisema mdogo wangu ana bahati ya mtende. Mama alipiga magoti pale pale hospitali, akashukuru kwa sauti mpaka wauguzi wakaja kuangalia. Mimi nilisimama pembeni. Nilitaka kufurahi kama mama, na nilishindwa.

Nyumbani alikuwa mtulivu. Alikula kila alichopewa, akasema asante. Asubuhi alitoa kiti uani, akakaa juani. Jua likihama, naye anahamisha kiti. Alifanya hivyo siku nzima, hadi kivuli cha mwisho. Mama akasema mwacheni apumzike. Kompyuta yake hakuigusa. Nilipomfungulia ule msimbo na kumwomba aurekebishe, aliutazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Sivijui hivi tena," alisema. "Baridi imenipiga kichwani."

Daktari naye akasema hutokea.

Basi nikajifunza mwenyewe. Mimi, karani, niliyeanza kompyuta kwa kuogopa kwamba italipuka. Siku tatu nilikaa na simu nikiwatazama wanaofundisha Python, nikisimamisha, nikirudisha nyuma, nikiwatukana. Siku ya nne nikaubadilisha mstari mmoja wa Betri: badala ya kufuta orodha nzima, mtoe huyo mmoja tu mwenye vile vipimo. Watu wote wakiwa nje, nikaondoa alama ya reli, nikauendesha. Nilitegemea sifuri. Kama ni Makoti aliyemo humo, basi ameshapuuzwa.

Skrini ilisema 1.

Nilisoma mistari mara tano. Hapakuwa na kosa. Msimbo ulikuwa unaniambia jambo moja tu: aliyemo ndani siye yule aliyepaswa kupuuzwa.

Mezani kwangu kuna kamera ndogo ya majaribio. Nikajitazama mimi: 1. Nikamtazama msimamizi: 1. Siku iliyofuata nikampigia Betri simu, nikamwambia aje tunywe chai. Nikamkalisha mbele ya kamera ile, mwanga mzuri, uso wote wazi.

0.

Nikasogeza kiti. 0. Nikakaa mimi, 1. Nikamrudisha yeye, 0. Nikaweka alama ya reli ili mistari ya puuza isifanye kazi: 1. Nikaitoa: 0. Muda wote huo alikuwa anaitazama kamera na kutabasamu, kwa subira, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Ningemwambia nani? Ningemwambia mama nini, mama ambaye kila siku humtilia sukari kwenye uji na kumshika shavu? Kwamba mwanao yuko kwenye chumba cha barafu, na huyu unayemlisha ni mtu niliyemfungia mimi? Nilijaribu kwa bosi, kwa kuzungukazunguka. Hakunielewa, na sikumlaumu. Alinipa barua ya onyo kwa sababu ya mlango usiofungwa, kisha akaagiza mafundi waje Jumatatu kung'oa kamera na ule mfumo wote. Baada ya hapo mlango utafungwa kwa ufunguo, kama zamani.

Ndipo Alhamisi, wapakiaji wakiwa wameenda kula, nikapiga moyo konde. Betri alikuwa ameniletea mwavuli niliouagiza kutoka nyumbani. Nilimshika mkono, nikamwongoza ukumbini kama ninayemwonyesha kitu. Mlango ulikuwa wazi, mvuke unatambaa chini.

"Twende ndani kidogo," nilisema. "Dakika mbili tu. Tuiangalie kamera."

Alikuja nami bila ubishi hadi kwenye ukanda wa mpira unaogawa nje na ndani. Hapo akasimama. Nilivuta. Ilikuwa kama kuvuta nguzo ya nyumba. Akautoa mkono wake kwenye wangu, kidole kimoja kimoja, bila kuniumiza.

"Karani," aliniita. Hakusema dada. Alikuwa ananong'ona, na katika sauti hakukuwa na hasira hata kidogo. "Mimi humo sirudi. Miaka mitatu inatosha."

Nilishika ukingo wa mlango nisianguke.

"Na yeye?" nilimwuliza.

Alifikiri. Nadhani alifikiri kweli.

"Yeye ana wewe," alisema. "Mimi sikuwa na mtu." Kisha akafunga kifungo cha shati lake cha juu, akasema mama anamsubiri, akaondoka kupitia mlango mkubwa, akitembea mahali penye jua.

Leo ni Ijumaa. Asubuhi nzima sikuufunga mlango, na kuku wakaanza kudondoka maji. Msimamizi alikwenda kunishtaki juu, na nilijua watashuka. Niliingia ndani mara nne. Nilisimama chini ya kamera, nikaita jina lake, lile la nyumbani na lile la shuleni, nikamwambia ni mimi, dada yako, toka, nimekaa mlangoni, toka. Kila niliporudi mezani namba ilikuwa moja. Nilipokuwa ndani bila shaka ilikuwa mbili.

Mlango wetu una kidirisha cha kioo, upana wa sahani. Sikukitaja kwa sababu hakina kazi. Kimeganda kwa ndani tangu ghala lijengwe, barafu nene nyeupe, huoni chochote. Saa sita na nusu bosi alishuka na watu wawili, wakanisogeza, wakaufunga kwa ufunguo mbele yangu. Walipoondoka nilikwenda kukiegemea kile kioo, kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Niliweka kiganja changu juu yake.

Kwa ndani, barafu ilianza kulainika. Kwanza doa dogo, katikati ya kiganja. Kisha vidole, kimoja baada ya kingine, vitano, vimelingana na vyangu.

Msimamizi ameniita mara mbili nikale. Nimemwambia nakuja. Kioo hiki ni cha baridi mno na mkono wangu umekufa ganzi hadi kiwikoni, lakini nikiutoa, atadhani nimeondoka tena.